Pori na Mahame: Juu ya Masimulizi ya Safari za Miguu

Neno "safari" ni katika maneno machache ya Kiswahili yaliyopokewa na karibu kila lugha ya Ulaya, lakini lilipofika huko lilipunguzwa maana. Kwetu mtu huenda safari Tanga kwa matanga, au Kigoma kwa biashara, au Makka kwa hija, wala hapana mnyama anayehitajiwa ili safari itimie. Kwao safari ni kwenda kutazama wanyama wa Afrika, na pasipo simba au tembo huhesabiwa kuwa safari imeharibika. Siku hizi maana hiyo iliyopunguzwa imeturudia ikiwa na fedha mkononi, na katika matangazo ya wenye kuongoza watalii twasoma habari za "safari za miguu", kana kwamba kwenda kwa miguu ni jambo lililovumbuliwa jana kwa ajili ya wageni waliochoka kukaa garini.

Sikusudii kuzungumza habari za biashara hiyo. Nataka kuyatazama maandishi. Katika nchi zetu kumeandikwa vitabu juu ya kwenda kwa miguu kati ya wanyama wa mwitu, vingine kwa Kiingereza, vingine kwa Kiswahili. Na swali ninalotaka kuliuliza ni swali la mhakiki: mwenda kwa miguu aona nini, ashindwa kuona nini, na ni nini kinachomzuia? Kwa mfano nitaichukua nchi moja, ile iliyo kusini ya mto Rufiji, ambayo kwa muda mrefu imejulikana kwa jina la Selous.

Yafaa kwanza kuijua nchi yenyewe. Serikali ya Kijerumani ilianza kuzuia uwindaji katika sehemu zake tangu mwaka 1896. Waingereza walipoitwaa Tanganyika wakaunganisha sehemu hizo, na mwaka 1922 wakaipa hifadhi jina la Frederick Courteney Selous, mwindaji na askari. Baadaye ikapanuliwa tena na tena hata ikafikia eneo la kilomita za mraba 50,000 hivi, na mwaka 1982 ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa, kilomita za mraba 30,893, ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Upande wa kaskazini, karibu na Rufiji, zipo kambi na njia za magari. Lakini upande wa kusini ni mkubwa, njia ni chache, na wakati wa kiangazi mito mingi hukauka ikabaki michanga mitupu iendayo mbali kama barabara nyeupe. Huko ndiko mahali pa kutembea, kwa kuwa gari halina mahali pa kupita.

Kitabu kijulikanacho zaidi juu ya kutembea katika nchi hiyo ni *Sand Rivers*, yaani mito ya mchanga, cha Mmarekani Peter Matthiessen, kilichotoka mwaka 1981 pamoja na picha za Hugo van Lawick. Safari yenyewe ilifanyika mwaka 1979. Katika sehemu ya mwisho ya safari hiyo mwandishi aliacha magari akaingia kusini kwa miguu, akiongozwa na Brian Nicholson, aliyekuwa zamani Bwana Nyama wa hifadhi hiyo, pamoja na askari wa wanyama na wapagazi wachache. Ni kitabu kizuri, na sioni sababu ya mhakiki Mwafrika kukidharau. Matthiessen alikuwa na jicho la mtu aliyejifunza ndege tangu utotoni. Hasemi "ndege aliruka", husema ndege gani, na alirukaje. Alijua pia kwamba mguu huandika sentensi tofauti na gurudumu. Mtu aliye garini humwona mnyama ghafula, na mnyama huyo hana jana wala leo. Lakini mwenda kwa miguu huona kwanza mavi yaliyo bado na joto, kisha tawi lililovunjwa, kisha nyayo zilizoingiliana na nyayo nyingine, na mnyama mwenyewe ajapo huwa ni mwisho wa hadithi iliyokwisha anza. Kwa hiyo masimulizi ya miguu yana asili ya usimulizi mzuri ndani yake, kwa kuwa yamjaza msomaji hamu kabla ya kumtimizia.

Lakini msafara wa miguu una mpango wake, na mpango huo huingia katika kitabu bila ya mwandishi kutaka. Watu huenda mmoja nyuma ya mwenziwe. Mbele yuko mwenye kufuata nyayo, na karibu naye mwenye bunduki. Wa pili au wa tatu ni mgeni ambaye safari imefanywa kwa ajili yake. Nyuma wako wapagazi. Basi tuangalie kila mmoja aona nini. Wa mbele huona dalili: huisoma ardhi, huupima upepo kwa jivu lililomo katika kifuko. Wa pili humwona mnyama, kwa kuwa ameonyeshwa. Wa nyuma huona visigino vya mwenziwe na huhisi uzito wa mzigo shingoni. Hao wote wamekwenda njia moja, siku moja, lakini wamekwenda safari tatu, na katika tatu hizo ni moja tu iliyoandikwa. Kitabu cha safari ya miguu, kwa kawaida, huandikwa na mtu wa pili.

Tena kuna jambo la lugha. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya msafara ule. Kiingereza ndicho lugha ya kitabu. Yale yaliyosemwa na wapagazi jioni motoni hupita kwanza katika sikio la Bwana Nyama, kisha katika ulimi wake, kisha katika kalamu ya mwandishi. Maneno yapitayo milango mitatu hupungua. Matthiessen hakuwasahau wenziwe. Aliwataja kwa majina na kuwasifu kwa ujuzi wao, na hilo halikuwa desturi ya waliomtangulia. Hata hivyo, kwa usomaji wangu, sifa zao ni sifa za watu watazamwao. Twajua walivyochukua mizigo na walivyofuata nyayo; hatujui walifikiri nini juu ya nchi ile, kama kwao ilikuwa pori au ilikuwa kitu kingine.

Hapa msomaji aweza kudhani kwamba nakusudia kusema: wageni wameshindwa kuona, na sisi tumeona. Ingekuwa kazi nyepesi, lakini maandishi yetu wenyewe hayaniruhusu. Tuyatazame.

Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen kitabu kiitwacho *Safari za Wasuaheli*, kilichokusanya masimulizi ya Waswahili walioandika kwa lugha yao habari za safari zao wenyewe. Mwaka 1965 Lyndon Harries aliyatoa baadhi yake tena, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ndani yake yumo Selemani bin Mwenye Chande, aliyekwenda bara kwa biashara. Yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Udoe hata Uzigua. Yumo na Salim bin Abakari, aliyefika hata Urusi na Siberia. Wawili wa kwanza ni watu waliokwenda kwa miguu, wakati ambapo hakuna aliyeita kutembea starehe. Mwanafunzi ajaye kwa Selemani akitafuta wanyama atarudi na machache. Atakuta hongo na mabishano juu ya hongo. Atakuta vita, njaa, bidhaa, na hesabu za siku. Pori, katika masimulizi ya namna hiyo, ni mahali pasipo na watu, na kwa hiyo pasipo na chakula cha kununua. Ni mahali pa kupita upesi. Leo mtu hulipa fedha ili akae porini. Msafiri wa zamani alitembea mwendo mrefu ili atoke.

Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, ambaye maisha yake aliyasimulia mwenyewe na W. H. Whiteley akayatoa pamoja na tafsiri katika jarida la Kiswahili la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, alipita katika nchi zilizojaa tembo kuliko zote tunazozijua sasa. Lakini katika usimulizi wake tembo si mnyama, ni pembe. Na pembe hazihesabiwi kwa uzuri, huhesabiwa kwa frasila. Na waliozichukua pembe hizo mpaka pwani? Wametajwa kwa wingi wao, kama vile pembe zilivyotajwa kwa uzito wao. Basi na yeye ni mtu wa pili katika mstari. Mpagazi wa Kinyamwezi hana usemi katika maandishi ya Mwarabu na Mswahili zaidi ya alionao katika maandishi ya Mzungu. Kirangozi aliyekwenda mbele na kuimba, ambaye kila msafiri wa karne ile amemsikia, hakuandikiwa kitabu na yeyote.

Salim bin Abakari ndiye atufundishaye zaidi katika jambo hili. Alikwenda Siberia akifuatana na bwana wake wa Kijerumani, Bumiller, mwaka 1896. Huko hakuwa na bidhaa za kuuza wala hongo za kutoa. Nchi haikumdai kitu ila kuvumilia baridi. Naye basi akatazama! Alitazama watu na nchi zao kwa mshangao uleule wa mtalii wa leo atuangaliaye sisi. Kwa hiyo mshangao si tabia ya kabila moja. Humjia mtu asiyelazimika kuuliza maji yako wapi. Ni tunda la mahali alipo mtu katika msafara, na mhakiki aliyelijua hilo hatapoteza wakati wake kugawa lawama kwa rangi.

Sasa nataka kueleza jambo lililonipata mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike insha hii. Miaka michache iliyopita, wakati wa kiangazi, nilipata ruhusa ya kutembea siku tatu upande wa kusini mashariki wa nchi hiyo, si mbali na mpaka wa Liwale. Tulikuwa watu wanne, na kiongozi wetu alikuwa askari wa wanyamapori aliyekaribia kustaafu. Siku ya pili tuliona palahala, wakubwa kwa wadogo, wakipita kati ya miyombo kimya kama watu waendao msikitini alfajiri. Nilikuwa na daftari, nikaandika humo maneno ambayo sasa nayaonea haya: "Pori tupu. Hapajakaa mtu tangu dunia kuumbwa." Baada ya saa moja hivi tukaketi kivulini. Nilimshukuru yule mzee kwa kutuchagulia kivuli kizuri, nikatazama juu, nikaona kuwa ni mwembe.

Nilidhani ni kazi ya tembo au nyani, kwa kuwa hao hula maembe na kuzipeleka kokwa mbali. Mzee akanionyesha kwa fimbo. Palikuwa na mwembe wa pili, na wa tatu, na yote mitatu ilisimama katika mstari mmoja ulionyoka.

"Nyani hapandi kwa mstari, Mwalimu," akasema. "Hapa si pori, hapa ni mahame. Huku ni kwa mabibi zetu. Bibi mzaa baba alitolewa huku akiwa msichana."

"Alitolewa na nani, mzee wangu?"

"Na Serikali ya zamani. Waliambiwa kuna malale."

Akanyamaza, kisha akasimama, kwa kuwa jua lilikuwa likienda na kambi ilikuwa mbali.

Kamusi zetu zote zinalo neno "mahame", yaani mahali palipokuwa na watu wakahama. Ni neno fupi, nasi hulitumia kwa nadra. Lakini tangu siku ile naona kwamba uhakiki wa masimulizi haya wote waweza kusimama juu ya maneno mawili, pori na mahame. Na kwamba mwandishi wa safari hupimwa kwa kujua kuyatenga. Kwa jicho, mambo hayo mawili hufanana: miti ileile, kimya kilekile, palahala walewale. Hutengwa kwa kuuliza tu.

Na historia inatuambia nini? Ngarambe, mahali alipotoa dawa Kinjikitile Ngwale, i ukingoni mwa nchi hiihii. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905. Wajerumani wakavivunja kwa kuchoma vijiji na vyakula, na njaa ikaua watu wengi mno kuliko risasi. Mahali walipokufa au walipokimbia wakulima, vichaka vilirudi. Pamoja na vichaka wakaja wanyama, na pamoja na wanyama wakaja mbung'o. Kisha katika miaka ya 1940, Serikali ya Kiingereza, kwa hoja ya ugonjwa wa malale, ikawakusanya Wangindo wa Liwale katika vijiji vya mbali, na nchi waliyoiacha ikaongezwa katika hifadhi. Bwana Nyama wa wakati huo, C. J. P. Ionides, hakuusikitikia mpango huo. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nasi twaweza kusema, usione pori limetulia, limeundwa. Kila alama ya uasili imsisimuayo mtembezi wa leo ina tarehe yake.

Hata makaburi yatuonyesha mambo hayo. Selous mwenyewe aliuawa kwa risasi huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, na kaburi lake liko palepale, lina jina, na wageni hupelekwa kulitazama. Katika mwaka uleule, katika nchi ileile ya Rufiji, wapagazi wa majeshi walikufa kwa njaa na kuhara, wengi kupita hesabu. Nao hawana jiwe porini. Kumbukumbu yao iko Dar es Salaam, katika jina la mtaa na soko la Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao cha wachukuzi. Ni watu wangapi hununua nyanya pale wakijua kwamba wanalitamka jina la msafara?

Najua pingamizi litakaloletwa, nalo si dogo. Mtu atasema: kama watu wasingaliondolewa, wanyama hao wangalikuwa wapi leo? Katikati ya miaka ya 1970 tembo wa nchi hiyo walihesabiwa kuwa zaidi ya laki moja. Mwaka 2013 walibaki elfu 13 hivi kwa sababu ya majangili. Ni lazima hifadhi ilindwe, na mimi si katika wale wasemao ilimwe. Niliwaona palahala wale, na ningependa wajukuu zangu wawaone. Lakini kulinda nchi ni jambo moja, na kuisimulia ni jambo la pili. Nchi yaweza kuhifadhiwa bila ya watu ndani yake, lakini usimulizi uliowatoa watu umewatoa mara ya pili, na safari hii hapana ugonjwa wa kusingizia.

Fasihi yetu yenyewe imegawanyika katika jambo hili kwa namna ya kustaajabisha. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake *Kinjeketile*. Ndani yake mto Rufiji ni mto wa watu: wa njaa yao, wa kazi za kulazimishwa, wa roho iliyomo majini. Wanyama hawana nafasi kubwa humo. Tukiweka kando yake *Sand Rivers*, twaona nchi moja imegeuka nchi mbili: moja ina watu na karibu haina wanyama, nyingine ina wanyama na karibu haina watu. Kila kitabu kinasema kweli, na kila kimoja ni nusu. Kitabu cha tatu, kitakachokuwa na mwembe na palahala katika ukurasa mmoja, bado hatunacho kwa Kiswahili.

Nani atakiandika? Mtu wa pili amekwisha kuandika. Zamu ni ya wa mbele na wa nyuma. Askari wa wanyamapori walioifuata nchi hii kwa miguu miaka thelathini wanastaafu kila mwaka na kurudi vijijini na elimu isiyo katika maktaba yoyote. Watoto wa waliohamishwa wamezeeka, na wazee wao wamekwisha kufa. Kazi ya namna hii si ngeni kwetu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu huko Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini wakawauliza wazee habari za Maji Maji, wakaandika waliyoambiwa. Pasipo hao tungejua machache sana kuliko tujuayo. Walitafuta historia ya vita. Sisi tutafute usimulizi wa mwendo: nani alipita wapi, mto huu unaitwaje na wenyewe, ni mnyama gani aliyehofiwa, aliyeliwa, aliyeimbwa, na njia ilikwenda wapi kabla haijafungwa.

Wanafunzi wangu wameniuliza, wafanye nini na masimulizi hayo wakiyapata, ikiwa msimulizi hasemi kwa ufundi, arudia maneno, aruka miaka, aanza na mbuzi aliyepotea na kumaliza na kodi. Nimewajibu wayaandike kama yalivyosemwa. Selemani bin Mwenye Chande naye hakuwa na ufundi wa kitabuni, na bado twamsoma baada ya miaka mia na zaidi, kwa kuwa alisema alikopita.

Daftari langu la safari ile ninalo. Sikuyafuta maneno niliyoyaandika kabla ya kufika mwembeni. Nimeyaacha, na chini yake nimeandika jina la kijiji alilonitajia yule mzee tulipokuwa tukirudi. Nililitafuta katika ramani nilizoweza kuzipata, sikuliona. Yeye alilitaja bila ya kufikiri, kama mtu atajaye kwao.